Safari ya Tabora hadi Kigoma ianzie Tabora

Mhariri,

Makala nyingi za utalii humshusha mgeni Kigoma kwa ndege, akapiga picha Ujiji pale Stanley alipomkuta Livingstone Novemba 1871, kisha akarudi. Barabara yenyewe, zaidi ya kilomita 400 kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, haitajwi. Nayo ndiyo yenye historia na ndege wawindaji kwa pamoja, ila uanzie Tabora. Sababu ni jua. Asubuhi ukielekea magharibi linakuwa mgongoni, na rangi za ndege zinaonekana. Ukitokea Kigoma, kila tai aliye mbele yako ni kivuli cheusi.

Tembe la Kwihara, nyumba ya kale ya paa bapa kama kilomita 6 kutoka mjini Tabora, lionwe siku moja kabla ya kuondoka. Hapo Livingstone alisubiri wapagazi kutoka pwani, Machi hadi Agosti 1872. Njia ni ya udongo. Mvua ikinyesha, gari dogo litakwama.

Ondoka saa 12 alfajiri. Kabla ya saa 3 usihangaike na anga: tai na tumbusi hungoja ardhi ishike joto ndipo wapae na hewa inayopanda. Saa hizo wasake kwenye miti mikavu. Wakishapaa, pungu, aina ya tai, hakupi shida: mkia mfupi mno, na huyumba kushoto na kulia kama mtu anayetembea juu ya kamba. Ukimwona kwa chini, dume ana ukingo mpana mweusi nyuma ya bawa; wa jike ni mwembamba. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha, kwani zenye nguvu zaidi hutetemeka mkononi. Zima injini kwanza, la sivyo hata hiyo haitatulia dirishani.

Urambo ni makao ya Mtemi Mirambo, aliyefariki 1884. Vita vyake na Waarabu wa Tabora ndivyo vilivyofunga njia hii 1871, Stanley akalazimika kuzungukia kusini. Wanaopita mbio hapa wanakosa nusu ya kisa cha Ujiji.

Mbele ya Kaliua jihadhari na mbung'o. Hufuata kitu kinachokwenda na huvutwa na buluu na nyeusi, basi vaeni kaki na vioo vipandishwe. Mafuta ya mbu hayawazuii sana. Malagarasi, ardhioevu iliyoingizwa mwaka 2000, ya kwanza nchini, kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, ndiko kwa furukombe, tai mla samaki. Egesha nje ya daraja, usisimame juu yake. Lala Uvinza, penye chemchemi za chumvi iliyonunuliwa na misafara.

Msimu? Kiangazi mwewe hukusanyika kwenye moto wa nyika kunasa panzi. Mvua za kwanza, kuanzia Novemba, hutoa kumbikumbi, na tai wahamiaji kutoka Ulaya na Asia hushuka chini kuwala. Ila matope nayo yapo.

Ujiji ifikiwe mchana, tai wakiwa juu mno. Jioni nenda Kibirizi, mwalo wa wavuvi jirani na mji wa Kigoma, mwewe wanakodokoa dagaa. Kwenye michikichi angalia vizuri: furukombe ana kichwa, kifua na mkia mweupe, tumbo la hudhurungi iliyokoza. Yule mweupe hadi tumboni, uso mtupu wenye wekundu, mkia mweusi wenye ncha nyeupe, ni tumbusi anayekula chikichi. Wageni wengi humwandika furukombe, wakaondoka Kigoma bila kujua wamemwona.

Msomaji,
Tabora