Barua ya wazi kwa vijana wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua: kuhusu makaa ya mawe na gesi

Wanangu,

Nimepata habari kwamba katika mikutano ya vyama vyenu vya msingi mmeanza kujadili nishati ya kukaushia tumbaku, kwa kuwa misitu ya miyombo tunakokata kuni inazidi kurudi mbali na mashamba. Wapo wanaowashauri mhamie kwenye makaa ya mawe, na wapo wanaowaambia msubiri gesi ya Mtwara. Nimezeekea kwenye zao hili, nami nawaomba mnisikilize kabla hamjaweka saini kwenye mkopo wowote wa kujenga upya mabani, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku.

Nianze na gesi. Ile iliyogunduliwa huko Kusini, Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982 husafiri kwa bomba, na bomba kubwa lililokamilika mwaka 2015 linaishia Dar es Salaam, ambako sehemu kubwa ya gesi hiyo huzalisha umeme katika mitambo ya Ubungo na Kinyerezi. Gesi ya mitungi mnayonunua madukani ni nyingine kabisa: huja kwa meli kutoka nje, na bei yake hufuata soko la dunia na thamani ya dola. Kwa hiyo anayewaambia kwamba nchi ina gesi ya futi za ujazo trilioni 57 na hivyo mtungi utashuka bei, amechanganya vitu viwili. Kwa ninavyoona mimi, gesi ya Kusini itaendelea kutufikia huku Tabora kama umeme, na ni kwa njia hiyo tunapaswa kuidai.

Makaa ya mawe yanahitaji kupimwa kwa makini zaidi, kwa sababu yanaonekana kuwa jibu la haraka. Yanachimbwa Ngaka na Kiwira, na mengine yamelala Mchuchuma, kote huko mbali na reli yetu ya kati, kwa hiyo gharama ya kuyasafirisha itaangukia kwenye kilo ya tumbaku yenu. Watazameni wenzetu wa Zimbabwe. Wakulima wakubwa wa kule walikausha tumbaku kwa makaa ya mgodi wa Hwange kwa miaka mingi, wakiwa na reli, mitaji na tanuru zilizojengwa kwa kazi hiyo. Lakini ardhi ilipogawanywa kwa wakulima wadogo kuanzia mwaka 2000, wengi wa hao wadogo walikausha kwa kuni, kwa kuwa makaa yalikuwa ghali na hayakuwafikia vijijini. Ninyi mnafanana na hao wa pili. Tena msisahau kwamba moshi wa makaa una salfa, na anayekesha akichochea moto ni mke wako au mdogo wako.

Najua mtajibiwa kwamba Ulaya ilitajirika kwa makaa. Ni kweli. Kituo cha kwanza cha umeme wa makaa cha London kilianza mwaka 1882, na Uingereza ilifunga kituo chake cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Si haki nchi zilizofaidi muda wote huo zitunyime mikopo ya mitambo ya gesi. Taifa linaihitaji gesi hiyo hasa mvua zinapokosekana. Mwaka 2006 maji ya bwawa la umeme la Mtera yalipopungua tulipata mgawo mkali wa umeme, na hata sasa tukiwa na Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, mwaka wa ukame utatuelekeza Kinyerezi. Lakini haki hiyo ya taifa haimlipii mkulima wa Kaliua deni la tanuru.

Na tanuru la makaa lina ubaya mwingine unaonisumbua zaidi ya yote: litawafunga kwenye tumbaku. Soko la zao hili likiyumba, tanuru hilo halitakuwa na kazi nyingine, ilhali laini ya umeme wa njia tatu, ule wenye nguvu ya kuendesha mashine kubwa, iliyofika kwenye ghala la chama itaendesha feni za mabani msimu wa kukausha, kisha itakamua alizeti, itasaga mahindi na kuvuta maji ya bustani wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kwa sasa jengeni mabani sanifu yanayotumia kuni kidogo, na kila mwanachama awe na shamba lake la miti ya kuni lililokaguliwa na chama, badala ya miche ya kuandikwa kwenye daftari tu. Fedha mliyotaka kuikopa kwa ajili ya tanuru iacheni kwanza. Katika mkutano mkuu ujao wekeni ajenda moja ya nishati, mwalikeni diwani na meneja wa TANESCO wa wilaya, na muwaombe maandishi yanayoonyesha laini ya njia tatu itafika kwenye ghala lenu mwaka gani na wanachama watachangia kiasi gani.

Ni mimi mzee wenu,
Urambo, Tabora