Boti mbili za alumini, na kila moja ina neno lake

Ndugu Mhariri,

Mimi na mume wangu tuna watoto watatu, wa kwanza ana miaka 11 na kitinda mimba ana 4. Tumejinyima muda mrefu ili tupate boti ya kutoka nayo siku za mapumziko. Sasa zimebaki mbili. Ukizitazama kwa mbali utadhani ni pacha: zote za alumini, zote mita 4.9, zote za watu watano, na bei zimekaribiana mno kutusaidia kuamua.

Tofauti iko tumboni. Ya kwanza ni bapa na pana kidogo, na mabamba yake yameshikanishwa kwa ribiti, vile vipini vya chuma vinavyopigwa kwenye matundu. Tulipoijaribu, watoto wote walikimbilia upande mmoja kutazama samaki, nayo ikainama kidogo tu ikatulia. Inaelea hata kwenye maji ya magotini, jambo ninalolipenda kwa kuwa sisi hutia nanga karibu na ufukwe watoto waogelee. Ya pili ina tumbo la V, mabamba mazito zaidi, na imechomelewa. Ikisimama, mtu mmoja akihama kiti inalala ubavu. Ikikimbia, inayapasua mawimbi ambayo ile bapa huyapiga kwa kishindo.

Kishindo hicho nakijua. Mwaka jana tuliazima boti bapa ya rafiki. Asubuhi maji yalitulia kama ya mtungini. Alasiri upepo ukaamka, tukarudi mawimbi yakitujia usoni. Kila pigo lilipanda mpaka kwenye meno. Kitinda mimba alilia njia nzima, na mpaka leo akiona jaketi la kuelea anajificha nyuma yangu. Tangu siku ile mume wangu hataki kusikia habari ya tumbo bapa, na simlaumu, kwa sababu ndiye aliyeshika injini huku akitusikia.

Lakini nikihesabu saa za siku ile, tulitembea labda saa moja na nusu. Muda wote uliobaki tulikuwa tumesimama, watoto wakipanda, wakiruka majini, wakigombania upande. Ninachoogopa mimi ni boti kulala ubavu ghafla mdogo akiwa ameegemea ukingo.

Kuna na suala la injini. Baba yangu aliniachia ya nguvu za farasi 25, ya shafti fupi, yaani mguu unaoshuka majini hadi kwenye rafadha ni mfupi. Inakaa sawasawa kwenye ile bapa. Ile ya V ina ukuta wa nyuma mrefu unaotaka shafti ndefu, ya sentimita 51, na kwa uzito wake na watu watano, farasi 25 wangeikokota tu. Kuichagua ni kununua injini nyingine na kuiweka kando ile ya marehemu baba. Hilo linaniuma, nakiri.

Kuhusu ribiti, tumeambiwa hulegea kadiri miaka inavyokwenda na maji yakaanza kupenya. Sioni kama ni sababu ya kuikataa, maana fundi anaweza kuzikaza au kubadilisha moja moja, ilhali ufa kwenye mchomelo unataka mtu anayejua hasa kuchomelea alumini, na hao si wengi.

Naomba wasomaji waliotoka na watoto wadogo kwenye boti ya V wanieleze: ule mlalo watoto huuzoea, au mnalazimika kuwaketisha muda wote mkiwa mmetia nanga? Na wenye boti bapa, upepo ukiwakuta mbali, je, kupunguza mwendo na kusogeza watu omo, mbele ya boti, kunapunguza kishindo kiasi cha mtoto kuvumilia? Muuzaji wa ile ya V ametupa mpaka mwisho wa mwezi.

Wako,
Mama wa watatu