Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba: dawa za kuzibia meno zionekane kwenye eksirei

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni daktari wa meno katika hospitali ya wilaya, na ninaomba jambo moja: kila dawa ya kuzibia meno inayosajiliwa nchini itamke kwenye lebo, kwa tarakimu, inaonekana kwa kiasi gani kwenye picha ya eksirei.

Zamani jambo hili halikutusumbua, kwa kuwa amalgamu, yaani mchanganyiko wa zebaki na metali nyingine, huzuia mionzi hata ikatokea nyeupe pe, na ukingo wake husomeka wazi. Sasa tunaachana nayo kwa mujibu wa Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, na ni haki kabisa. Zinazoshika nafasi yake, yaani komposit (resini iliyochanganywa na chembe za glasi au madini) na saruji ya glasi ayonoma (unga wa glasi unaogandishwa kwa asidi), hazilingani. Komposit iliyotiwa glasi ya bariamu au strontiamu huonekana vizuri, lakini yenye madini ya kwazi au silika tupu inaweza kutoka nyeusi kama tundu.

Weusi huo ndio hatari yenyewe. Jino linapooza hupoteza madini, na hapo mionzi hupita kwa urahisi. Mgonjwa aliyezibwa kwingine anapokuja, nami nikaona mstari mweusi chini ya dawa, baina ya magego mawili, pale karibu na fizi ambapo jicho na kioo havifiki, sina namna ya kujua kwa picha hiyo kama ni uozo uliorudi au ni dawa yenyewe. Nikifungua, huenda nikachimba jino lisilo na ugonjwa. Nikiacha, uozo unaweza kufika kwenye mshipa.

Kipimo chake si kigumu. Kipande cha dawa chenye unene wa milimita 1 hupigwa picha pamoja na ngazi ya aluminiamu yenye vidato vya unene tofauti, kisha weupe wake hulinganishwa na wa vidato hivyo. Dentini, sehemu ya ndani ya jino, hukaribiana na aluminiamu ya unene uleule, na enameli, gamba gumu la nje, hukaribia mara mbili yake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4049 kinataka dawa za resini, kama komposit, zisiwe chini ya aluminiamu ya unene wao, ila sharti hilo humbana tu mtengenezaji anayedai kwamba dawa yake inaonekana, asiyedai hapimwi. Hapo ndipo ninapoomba mkono wa Mamlaka.

Nchi yetu ina sababu ya pekee ya kulijali hili. Njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono, bila umeme, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na kwa kawaida hutumia glasi ayonoma. Mtoto anayezibwa shuleni kijijini, pasipo na mashine ya eksirei, huenda akapigwa picha mjini miaka mingi baadaye, na daktari atakayemwona hatakuwa na kumbukumbu nyingine ila picha hiyo.

Naomba basi tarakimu hiyo iwe sharti la usajili, na dawa isiyofikia walau kiwango cha dentini isitumike kwenye magego. Kwa maoni yangu, inayofikia enameli ndiyo ipewe kipaumbele katika zabuni.

Nawasilisha kwa heshima,
Daktari wa meno, hospitali ya wilaya