Mwanangu, Shona Pazia Kwanza

Goma, Majengo

Mwanangu, mama yangu,

Nilipokuuliza kwenye simu dirisha lako umelifunika na nini, ulijibu: "Katoni, mama. Nyumba ni ya kupanga, naipamba ya nini?" Nilinyamaza kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika, na pia kwa sababu neno hilo lilinikaa kifuani. Siku tatu nimelitafuna. Sasa nakujibu kwa karatasi. Nimeiweka juu kabisa ya mfuko ili uisome kabla hujagusa kilichoko chini.

Wewe hukumbuki tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Ulikuwa na miaka miwili, uko mgongoni kwangu. Mlima wa moto wa Nyiragongo ulipopasuka Alhamisi ile, moto wa mawe ulishuka, ukapita uwanja wa ndege, ukaukata mji katikati, ukaenda kuzimikia ziwani. Nyumba yetu ya mbao upande wa Birere ilikuwa njiani. Baba yako alijitwika cherehani kichwani. Mimi nilikuwa na wewe mgongoni na kifurushi cha vikwembe, vitenge vyangu vya kujifunga, mkononi. Kabati, vitanda, meza, viti ambavyo seremala tulikuwa hatujamaliza kumlipa, vyote viko chini ya makoro, yale mawe meusi ya mlima, mpaka leo, na juu yake watu wamejenga tena.

Gisenyi, ng'ambo ya mpaka huko Rwanda, tulilala kwenye uwanja wa shule, familia nyingi zimebanana, kila mtu anamwona mwenzake. Jioni ya pili nikafunga kamba kutoka mti hadi mti, nikatundika vikwembe viwili, vikafanya pembe. Nyuma ya pembe ile nilikuogesha kwa maji ya kikopo, nikakubadilisha nguo, na ukalala usingizi ulioukataa usiku wote wa jana yake. Mama mmoja wa Katindo akatazama, akafungua kifurushi chake naye, akatundika. Giza lilipoingia uwanja ule ulikuwa na vyumba.

Kwa hiyo usiniambie kuhusu nyumba ya kupanga. Tangu siku ile sijakaa ndani ya nyumba ambayo ningeweza kuapa kwamba mwakani nitakuwamo. Mwaka 2021, tarehe 22 mwezi wa tano, mlima ulitoka tena, na siku tano baadaye tukaambiwa tuhame. Wewe ukapanda boti kuja huko Bukavu, mimi na wadogo zako tukashika njia ya Sake kwa miguu. Na mwezi wa kwanza 2025 unaujua, vita vilipoingia mjini: tulilala sakafuni, mbali na madirisha, na matakia ya kitenge ya sebuleni ndiyo niliyoweka chini ya vichwa vya watoto. Ningengoja nyumba yangu mwenyewe ndipo nishone, wadogo zako wangekulia ndani ya katoni na shitingi za plastiki. Pazia unalishusha, unalikunja, linaondoka na wewe. Sijui kitu kingine cha nyumbani kinachokubali kufuata watu hivyo.

Anza nalo basi, hilo pazia, hiyo rido. Umesema dirisha lina mita moja kwa upana. Kitenge kina karibu mita 1 na sentimita 20. Kipande kimoja kitafunika kioo lakini kitakaa kimenyooka kama taulo kwenye kamba. Unganisha viwili ubavu kwa ubavu, upate mikunjo inayopumua upepo ukipita. Urefu usiishie kwenye kingo ya dirisha, ushushe sentimita 20 chini yake, chumba kitaonekana kirefu zaidi. Juu pinda sentimita 6 ushone, uache mfereji wa kupitisha waya au kijiti cha mwanzi. Chini pinda mara mbili, na pindo liwe pana, kama sentimita 8. Uzito ule ndio unaolifanya lianguke vizuri. Tena, ukihamia penye dirisha refu, utalifumua upate urefu.

Lakini kabla ya mkasi, maji. Hapo sitaki unisikie nusu nusu. Mwaka ule wa kwanza baada ya kurudi kutoka Gisenyi nilishona pazia la kitenge chekundu bila kukifua, nikakiwekea bitana ya amerikani nyeupe nyuma ili jua lisikichubue. Baada ya kufua mara moja, kitenge kilirudi ndani, pindo likajikunja, na amerikani yote ikawa ya rangi ya waridi. Nililia, si kwa sababu ya nguo, bali kwa sababu ilikuwa kitu cha kwanza kizuri tulichokuwa nacho tena. Kwa hiyo loweka kila kitenge peke yake kwenye maji baridi, ufue mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini kwa upande wa ndani, piga pasi, ndipo upime. Fua hata amerikani. (Jina hilo lilitoka kwa wafanyabiashara wa Marekani walioleta pamba ile Zanzibar katika karne ya 19, na nyanya yako alilitamka kana kwamba ni neno la kijijini kwake.)

Ukikata vipande viwili vya pazia, usikate kwa kufuata mita tu. Chagua ua moja, au jicho moja, au ndege mmoja, na kila kipande kianzie kwa ua lile lile. Utapoteza kitambaa kidogo, sawa. Ua lililokatika katikati ya dirisha litakusumbua macho kila asubuhi mpaka uhame.

Ule ukingo mgumu wenye maandishi pembeni mwa kitenge, ukate wote kabla ya kuunganisha, maana unavuta na kufanya mshono ukunjane. Usiutupe. Nimefungia mifuko yangu kwa kingo hizo miaka mingi, ni kamba imara kuliko za dukani, na rangi yake inalingana na pazia lenyewe. Mchana likusanye pazia pembeni, ulifunge kwa ukingo wake.

Huna cherehani, najua. Mishono ya chumba kizima hata mkono unaiweza. Tumia uzi maradufu uliopitishwa juu ya mshumaa ili usijikunjekunje, na sindano iende mbele hatua, irudi nyuma nusu hatua, iende tena. Mshono wa namna hiyo haufumuki hata uzi ukikatika mahali pamoja. Shona jioni mbili tatu, si usiku mmoja. Macho yako ni ya kusahihishia madaftari ya wanafunzi pia.

Sasa matakia, maana viti vya plastiki umesema unavyo viwili, na tandiko lako la chini. Nakupa hesabu ambayo nimeikata mara nyingi kiasi kwamba mkono unaifanya peke yake. Kata ukanda wa sentimita 47 kwa upana wote wa kitenge. Ndani ya ukanda huo unatoa uso, 47 kwa 47, na vipande viwili vya mgongo, kila kimoja 47 kwa 32. Jumla 111, kitenge kinatosha na ukingo unabaki. Vipande vya mgongo vipinde sentimita 2 upande mmoja, uvilaze vipandane juu ya uso, pande za nje zikitazamana, ushone kuzunguka pande zote nne, ugeuze. Takia linaingia na kutoka kupitia pale vinapopandana, bila zipu wala kifungo, na unavua kufua wakati wowote. Kikwembe cha yadi mbili kinakupa matatu. Cha kujazia usinunue. Wauza magodoro wana mabaki ya sponji, na sweta lililokwisha likikatwakatwa linajaza vizuri kuliko yote, ingawa linakuwa zito.

Kuhusu rangi tutabishana, maana wewe unapenda kila kitu kiseme kwa mara moja. Chumba chako ni kidogo. Weka maua makubwa mahali pamoja, kwenye dirisha, basi. Kwenye matakia tafuta kitambaa kisicho na maua, ukichukue kutoka rangi moja iliyomo ndani ya pazia, hata ile ndogo inayoonekana kwenye mistari tu. Nimekuwekea ya manjano ya bizari kwa sababu hiyo. Ukitaka takia moja tu la maua, liwe la mabaki ya pazia lenyewe. Nimeingia nyumba nyingi za watu wenye fedha ambako pazia, kochi na kapeti vinapigiana kelele, na mgeni anatoka amechoka bila kujua kwa nini.

Ukienda soko la Kadutu kutafuta cha kuongezea, geuza kitenge utazame nyuma. Waksi halisi haina nyuma wala mbele, kwa sababu nta huchapwa pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi, na ile mistari myembamba kama nyufa za udongo mkavu ni mahali nta ilipopasuka. Ufundi huo ulitoka Java, Waholanzi wakauiga kwa mashine. Kiwanda cha Vlisco kilianza mwaka 1846 huko Helmond. Mama zetu ndio walioviita vitambaa vile kwa majina na kuvipa maneno ya kusema kwa majirani. Lakini kwa pazia huhitaji waksi ya Uholanzi, wala usione haya. Cha bei nafuu kilichochapwa upande mmoja kinafaa, ilimradi kiwe pamba. Chomoa uzi mmoja, uuchome: pamba inaacha jivu na harufu ya karatasi, cha plastiki kinayeyuka kuwa kipunje kigumu. Hicho cha plastiki kiache, pasi itakitoboa. Na mafundi wa kushona pale sokoni, uliza kwa heshima vipande wanavyofagia jioni. Ukiviunganisha mraba kwa mraba unapata kitambaa cha kitanda, kazi ya miezi, ila ndicho ninachokipenda kuliko chochote nilichowahi kushona.

Kuna nguo usizozikata kwa takia. Ndani ya mfuko utakuta kikwembe cha nyanya yako chenye sura ya Sista Anuarite, alichokivaa baada ya Papa Yohane Paulo wa Pili kumtangaza mwenye heri kule Kinshasa, Agosti 1985. Uso wa mtu haukaliwi, mwanangu, uwe wa mtakatifu, wa askofu au wa marehemu wa kwetu. Hicho kiweke ukutani. Mwombe seremala vijiti vinne vya mabaki, fremu ya sentimita 60 kwa 60, ulaze kitambaa, upige misumari midogo kuanzia katikati ya kila upande, kwanza juu, kisha chini, kushoto, kulia, ukivuta kidogo kila mara, na kona ziwe za mwisho. Ukianzia konani kitavutika mshazari na uso utapinda. Kuta za huko mlimani zinatoa maji wakati wa mvua, kwa hiyo weka vipande vya mti nyuma ya fremu isigusane na saruji.

Vikwembe vya tarehe 8 mwezi wa tatu, siku ya wanawake, viko vitatu, vya miaka tofauti. Hivyo kata upendavyo. Nilivivaa, nilitembea navyo na wenzangu, kazi yake imekwisha. Vitafaa kwa kitambaa cha meza, vile meza yako ndiyo pia ya kupikia na ya kusahihishia.

Na kile cha buluu chenye ndege, kilichopauka, chenye kiraka upande mmoja. Usikifue kwa nguvu. Ndicho nilichokufungia mgongoni siku ile ya 2002, na jioni ya pili kikawa ukuta wa kulia wa pembe yetu pale Gisenyi. Sikukikata. Mkasi niliushika mara mbili nikauweka chini, kwa sababu sijui mlango wako una upana gani, na hicho nataka kiwe cha mlangoni, kati ya kitanda chako na watu wanaokuja kubisha.

Mfuko nimeufunga kwa ukingo wa manjano wenye maandishi. Ukimaliza kusoma, kabla ya yote, chukua futi uliyonayo shuleni, pima mlango kutoka fremu hadi fremu, na kutoka juu mpaka vidole vinne kabla ya sakafu, kisha unitumie namba hizo mbili jioni ile ile. Na ile katoni, iondoe dirishani hata leo. Usiku utundike hicho cha buluu kwa misumari miwili, bila kukikata, mpaka pazia liwe tayari.

Mama yako