Usimwache Idi afikiche macho

Tanga, 9 Juni

Shoga yangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili jana usiku, usingizi ukaniruka. Uliposema Idi kabadilishiwa miwani mara ya tatu ndani ya mwaka na bado anaona taa za gari zina mikia, nilimwona Rehema wangu alivyokuwa kidato cha pili. Nimeona heri nikuandikie, maana kwenye simu ningelia tu.

Wewe ulimwona Rehema akiwa ameshatibiwa, hukujua tulikopitia. Miwani minne, kila safari tunaambiwa namba imepanda. Duka lile la miwani halikuwahi kutuambia tupime konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na mimi sikujua hata kama kinapimwa. Mpaka siku daktari mmoja kijana alipomwambia atazame chini, kisha akaniita nisogee karibu. Ukope wa chini ulikuwa umesukumwa, umefanya ncha kama herufi V. Konea yake ilikuwa imechongoka. Ugonjwa wenyewe unaitwa keratokonasi.

Konea haifiki milimita moja unene. Katikati ni nusu milimita na kidogo tu. Imeshikwa na nyuzi za kolajeni, ile protini inayoipa hata ngozi uimara, zilizopangika tabaka juu ya tabaka. Nyuzi zikilegea, maji yaliyo ndani ya jicho yanaisukuma, inakonda na kutokeza mbele kama ncha ya pia ya kuchezea. Mwanga ukipita hapo unatawanyika ovyo, na miwani haiwezi kuurudisha njia moja. Huenda ndiyo ile mikia anayoiona Idi.

Mimi siyo daktari, sisemi Idi anao. Nasema apimwe. Mkifika hospitali ya rufaa usiombe miwani. Omba wampige picha ya ramani ya konea na wapime unene wake, macho yote mawili. Ukiambiwa ndiyo, uliza siku hiyohiyo habari ya kuunganisha nyuzi za konea.

Unakumbuka kule Pangani mafundi walivyoloweka ngozi kwenye maji ya magome ya mkoko? Ngozi mbichi huoza, iliyokunywa yale maji hukaa miaka. Ni kolajeni ileile, nyuzi zake zimeshikanishwa zikawa ngumu. Kwenye jicho hawawezi kutumia dawa kali namna hiyo. Wataalamu wa Dresden, Ujerumani, ndio waliopata njia ya upole: matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, na mwanga wa urujuanimno (ultraviolet). Mwaka 2003 Wollensak, Spoerl na Seiler walichapisha matokeo ya wagonjwa 22, macho 23, na katika macho yote hayo ugonjwa ulisimama. Marekani wakairuhusu tiba hiyo 2016. Nayasoma haya mara kwa mara, shoga yangu, na kila nikiyasoma nawaombea dua watu nisiowajua.

Sasa nikwambie ilivyokuwa, usije ukashtuka. Walimtia matone ya ganzi, wakakwangua ile ngozi laini ya juu ya konea. Halafu nusu saa ya kudondoshea matone ya manjano, manjano ileile unayoiona kwenye mkojo ukishameza vidonge vya vitamini. Kisha nusu saa nyingine anatazama taa ya rangi ya zambarau, matone yanaendelea. Dawa ile inapokutana na mwanga ndipo nyuzi zinashikana, na hiyohiyo ndiyo inayozuia mwanga usipenye hadi ndani ya jicho.

Kwa sababu hiyo unene ni jambo kubwa. Kipimo wanachokishika ni konea isipungue mikromita 400, yaani milimita 0.4. Jicho la kushoto la Rehema lilikuwa na 447. La kulia lilikuwa na 362, na daktari wetu hakutaka kulihatarisha. Mwanaisha, hilo la kulia ndilo linaloniuma hadi leo. Tungefika mwaka mmoja kabla, yote mawili yangetibiwa. Sasa analivalia lenzi ngumu, vumbi likiingia anaitoa huku machozi yanamchuruzika, na huenda siku moja akahitaji kupandikizwa konea ya mtu mwingine.

Lile la kushoto lilimuuma siku tatu, sitakuficha. Walimwekea lenzi laini ya kufunika kidonda, na dawa ya kuzuia wadudu. Alilala na khanga usoni, hakutaka hata mlango ufunguliwe. Uoni ulikuwa na ukungu wiki kadhaa. Na usitarajie Idi atatupa miwani. Tiba hii inazuia jicho lisizidi kuharibika, kilichokwisha kupotea hairudishi chote. Lakini ni miaka miwili sasa, kila wakipima jicho hilo vipimo ni vilevile. Kwa watoto ugonjwa hukimbia kuliko kwa watu wazima, na Idi ana miaka 14.

Wakati mnasubiri, mzuie kufikicha macho. Najua yanamwasha, ana ule mzio tangu mdogo, na kufikicha kunazidi kuilegeza konea. Mkandie kwa kitambaa cha maji baridi, umtafutie dawa ya mzio kwa daktari. Yale matone ya steroidi yanayouzwa hovyo dukani usimtie bila daktari kukuandikia. Hupandisha presha ya jicho na yanaweza kuleta mtoto wa jicho. Usiku ndipo Rehema alipokuwa akifikicha bila kujijua, nikawa nalala naye.

Mwambie Idi mama yake mdogo anamsalimu. Mkipata tarehe, njooni mfikie kwangu kabla na baada. Chumba cha nyuma hakiingii jua, na Rehema amesema atamwachia kitanda chake.

Wako,
Saumu