Samasoti peke yake haikufikishi Ulaya

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo niongee na hawa vijana wetu wanaofanya mazoezi pale ufuo wa Pirates kila jioni, maana juzi nimekaa nawaangalia mpaka magharibi ikaingia na kwa kweli kuruka wanaruka, piramidi ya watu saba juu ya mchanga na haitikisiki, lakini nilipowauliza odisheni za zile paki za burudani za Ulaya mnajiandaa vipi wote wakanipigia samasoti. Basi, hakuna kingine.

Mimi hiyo kazi nimeifanya Ujerumani misimu miwili, na kabla ya hapo nilianguka odisheni moja vibaya sana. Nilifika kifua mbele, nikapewa namba nikaibana kwenye fulana kwa pini, nikaambiwa nivue viatu nipimwe urefu ukutani (mavazi yashashonwa zamani, wanatafuta mtu wa kuyaenea), halafu mwalimu wa densi akaanza tano, sita, saba, nane, na mimi nimezoea kufuata ngoma sijawahi kuhesabu stepu maishani mwangu. Wenzangu wakienda kushoto mimi niko kulia. Nikasema si kitu, kwenye sarakasi nitawamaliza, wapi! Sakafu ni mbao zimetandikwa plastiki nyeusi, na mguu uliozoea kusukuma mchanga ukisukuma pale kwa nguvu zile zile unarushwa, nikatua nimepitiliza, kidogo nimkalie jaji.

Kilichonimaliza kabisa lakini ni kile cha mwisho. Tuliambiwa tuigize mtu anapaka mkate siagi, mkate hakuna, siagi hakuna, kusema hakuna, na aliyekaa kiti cha nyuma kabisa aelewe. Nikasimama kama mlingoti. Baadaye ndo nikajua sababu: kule ukivaa kile kichwa cha bandia cha mnyama huongei, furaha yako yote iko mabegani na mikononi, na hata sisi wa sarakasi shoo ikiisha tulikuwa tunatoka nje kupungia watoto. Tena shoo ni nusu saa, mara nne kwa siku, na ya nne wanataka iwe na uso ule ule wa ya kwanza. Huku hotelini tumezoea shoo moja ya usiku, unamwaga yote, kofia inazungushwa, mnagawana mnaenda zenu.

Kwa hiyo nilivyorudi kutoka ile odisheni niliyoanguka sikugusa samasoti miezi mitatu. Nilikuwa najifungia chumbani na kioo napaka mkate siagi, mamangu akadhani nimerogwa.

Na video jamani. Siku hizi wengi wanaitisha video kwanza, na mnawatumia vipande vipande vimeungwa na muziki mkubwa na maandishi yanaruka, huyo wa kuajiri anataka akuone mwili mzima kuanzia kichwa mpaka unyayo, simu imelazwa ubavu, bila kukatwa popote, ukitua vibaya na aone unavyoinuka. Hapo ndo anajua una nini.

La pesa sitaki hata kulianza maana damu inachemka. Kuna ajenti alikula hela yangu ya kwanza, eti ada ya odisheni, hiyo odisheni naisubiri mpaka leo. Paki kubwa kama za Disney hazimtozi mtu kuingia odisheni, ukisikia ada rudi nyumbani ukalale.

Vijana wakitaka, mimi niko Kisauni, pale Pirates wananijua. Ukuta wangu nishauchora sentimita na ukumbini kuna mbao za mlango wa zamani nimezilaza chini, si sakafu ya Ulaya lakini si mchanga. Waje na soksi, mke wangu hataki kelele.

Mwanasarakasi wa zamani,
Kisauni, Mombasa