Pasi haiongezi alama kwa kila komiki

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi niwaambie vijana wa Unguja na Pemba wanaokusanya komiki za Kimarekani wapunguze pupa ya pasi. Mtindo wenyewe ni huu: mtu ana komiki iliyokwisha pimwa ubora na kufungwa katika kasha la plastiki, tuseme ina alama 9.4 kati ya 10. Anavunja kasha, anaipiga pasi, yaani joto na uzito, mikunjo ilale, kisha anairudisha Marekani ipimwe upya akitaraji 9.6 au 9.8. CGC ya Florida, kampuni kubwa ya upimaji iliyoanza mwaka 2000, haihesabu pasi kuwa ni ukarabati, kwa hiyo hakuna udanganyifu hapo. Ninachohofia ni karatasi yenyewe, na mfuko wa mwenye nayo.

Pasi hulaza kilichopinda tu. Mpasuko, pembe iliyokatika, doa na rangi iliyobanduka vitabaki vile vile. Kabla ya kutoa hata senti, zima taa, washa tochi ya simu na uilaze karibu usawa wa jalada, mwanga upite ubavuni. Ukiona kivuli cha bonde au alama ya kidole bila mstari mweupe, hapo pasi ina kazi. Ukiona mstari mweupe, hata mwembamba kama unywele, ujue wino umevunjika na karatasi ya chini imejitokeza. Hiyo haiponi. Wengi wanaolalamika kwamba komiki imerudi na alama ile ile hawakuwahi kuitazama kwa tochi. Na anayeziba mstari huo kwa kalamu ya rangi anajimaliza kabisa: kitabu kitarudi na lebo ya zambarau ya vilivyokarabatiwa, na bei yake itaporomoka.

Sasa joto. Komiki ya kawaida yenye pini mbili hupigwa kwa nyuzi 65 hadi 80 za Selsiasi, dakika chache tu. Pasi ya nguo, nukta yake moja tayari ni kama 110, na nukta tatu ni 200. Mashine za kuchapia fulana nazo zimetengenezwa kwa kazi ya nyuzi 150 hadi 200. Ukizishusha chini, kioo huonyesha namba moja na bamba likawa na joto jingine, tena katikati kuna moto kuliko pembeni. Bila kipimajoto juu ya bamba lenyewe unabahatisha. Joto likizidi, mng'aro wa jalada hufifia au hugeuka mabaka, na wino hugandia kwenye ukurasa wa pili.

Jambo linalotuhusu zaidi sisi wa visiwani ni unyevu. Maelekezo mengi ya mitandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako hewa ya ndani ya nyumba ni kavu; wao huipa karatasi unyevu kwanza ili nyuzi zake zilegee, ndipo wakaweka joto na uzito. Kwetu, masika hasa, karatasi imeshashiba kabla hujaanza. Ukiifukiza tena, kurasa za ndani, ambazo katika komiki za zamani ni za karatasi ya gazeti, huvimba kuliko jalada. Ukikausha kwa haraka jalada husinyaa, kurasa zikachomoza ukingoni wa kulia. Mpimaji huliona hilo mara moja, na si rahisi pasi ya pili kulirudisha. Afadhali usubiri kipupwe, uiache komiki siku kadhaa katika chombo kipana chenye mfuniko na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, na baada ya pasi uiache ipoe chini ya uzito hadi asubuhi. Ikitolewa ingali moto hujikunja tena.

Nyingine zisiguswe kabisa. Zile nene zenye mgongo bapa uliogundishwa kwa gundi: gundi hulainika, kurasa zikachomoka. Majalada ya karatasi ya fedha inayong'aa, mtindo uliopendwa miaka ya 1990, hufanya malengelenge. Na pini zenye kutu, ugonjwa wa kila nyumba ya Mji Mkongwe ambako kuta za mawe hunywa maji: chini ya uzito pini hukata karatasi iliyokwisha oza kuizunguka, jalada likabaki limeshikwa na pini moja. Hizo ziacheni na 6.0 yao.

Kuhusu kuvunja kasha: ukishalifungua, ile alama ya zamani imekufa, na hakuna ahadi kwamba utaipata tena. Plastiki ngumu hukatika vipande vikali, na kitabu kimo ndani ya mfuko laini unaotakiwa kukatwa kwa mkasi upande wa mbali na mgongo, si kuvutwa. Kisha piga hesabu ya pasi, ada ya kupimwa, posta ya kwenda na kurudi, na bima. Tuseme jumla ni dola 150, na 9.6 inauzwa dola 80 zaidi ya 9.4. Hata ukipanda umepata hasara. Kwa komiki za miaka ya karibuni faida kubwa huwa kwenye 9.8 peke yake, na kasoro moja ndogo ya wino mgongoni yatosha kukuzuia kufika.

Atakayeamua kuendelea aanze na komiki ya bei ya chai, ya karatasi na umri ule ule. Apige picha pande zote mbili kabla ya kuvunja kasha, na lebo ya zamani airudishe kwa kampuni pamoja na kitabu, wasije wakahesabu nakala moja mara mbili katika daftari lao.

Mkusanyaji wa komiki,
Mji Mkongwe, Unguja